Pumzi Hutawaliwa Kisogoni

Vuli ikishika vizuri Ukambani, ndengu huchanua kuelekea Desemba, na maua yakitokeza tu wadudu nao wamefika. Vidukari wanafyonza majani machanga, viwavi wanatoboa maganda, na mkulima wa Kitui au Makueni anajua kwamba siku zile chache zikimpita kabla hajapiga dawa, atavuna makapi. Ndiyo sababu asubuhi za msimu huo pampu za mgongoni husikika kuanzia Kathonzweni hadi Mutomo. Anayebeba pampu mara nyingi si mwenye shamba. Ni kijana wa kibarua, suruali kaikunja hadi magotini kwa ajili ya umande, leso kaifunga puani, miguuni ana akala. Kifuniko cha pampu hakishiki sawasawa, kwa hiyo kila akiinama dawa humchirizika shingoni na kuteremka mgongoni. Upepo ukigeuka, hana budi kupita katikati ya ukungu alioupuliza mwenyewe.

Saa saba mchana amemaliza. Kichwa kinamgonga, macho yanaona utando, mate yanamjaa kinywani, tumbo linasokota. Kisha kifua kinabana, na pumzi inatoka na mluzi. Nyumbani watasema ni jua, au ni vumbi, au ni njaa ya kushinda shambani. Mtu ambaye hajaugua pumu hata siku moja sasa anahema kwa shida ileile ya mwenye pumu.

Wengi wetu tukimwona hivyo hudhani dawa imemchoma mapafu. Haikuyachoma. Mapafu yake bado ni mazima. Kilichovurugika ni amri zinazoyafikia, na amri hizo zinatoka mbali na kifua kabisa. Ukielewa jambo hilo moja, utaelewa kwa nini dawa ya ndengu na jino la koboko, maadui wawili wanaojulikana sana katika kaunti hizi mbili, huua kwa njia zinazokaribiana, na kwa nini mtu aliyepatwa na mojawapo anaweza kurudi nyumbani mzima ikiwa tu kuna wa kumpumulia kwa saa kadhaa.

Weka mkono kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo. Ndani ya hapo ndipo lilipo shina la ubongo, na kipande chake cha chini, kiitwacho medula, hakizidi sana urefu wa sentimita 3. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya ubongo wa juu akabaki anapumua. Medula ikiharibika, pumzi husimama. Mwaka 1991 kikundi cha watafiti akiwamo Jack Feldman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilionyesha kwa kutumia panya wachanga kwamba ndani ya medula kuna fungu dogo la seli linalopiga mdundo wa kupumua lenyewe, hata likiwa limetengwa na mwili. Mdundo huo ndio unaokuvutia hewa mara 12 hadi 20 kwa dakika, umelala au uko macho, unakumbuka au umesahau.

Lakini kupumua si kuvuta hewa tu. Hewa inahitaji njia, na njia hiyo si bomba la plastiki lililofungwa ukutani likabaki na upana uleule miaka yote. Ni mirija yenye misuli, nayo misuli hukazwa na kulegezwa kila dakika. Amri za kazi hiyo hutoka medula kwa njia kadhaa. Neva ya kumi na mbili ya ubongo huenda kwenye ulimi. Neva ya kumi, iitwayo vegasi, huteremka shingoni sambamba na mshipa mkubwa wa damu, ikaacha matawi kwenye koo na zoloto, ikaingia kifuani hadi kwenye kuta za mirija ya mapafu, kisha ikaendelea mpaka tumboni. Amri za kiwambo, ule msuli mpana chini ya mbavu, hupitia uti wa mgongo wa shingo. Zote hupangwa kwa zamu: kitambo kidogo mno kabla ya kiwambo kuvuta, ulimi na koo hukazwa kwanza ili njia isijifunge kwa ule mvuto. Ukilala zamu hiyo hulegea kidogo, na ndiyo maana watu hukoroma.

Misuli ya mirija ya mapafu ni ya namna nyingine. Ni misuli laini, haiamriwi kwa hiari, na hata mtu mwenye afya kamili anapopumzika vegasi huwa imeikaza kiasi. Mirija yetu haiko wazi kabisa wakati wowote; ina mkazo wa kudumu unaoletwa na neva hiyo. Moshi wa jiko la kuni ukiingia, au vumbi la barabara ya murram mwezi wa Septemba, ncha za neva zilizo kwenye ngozi ya ndani ya mirija hushtuka, hupeleka taarifa juu kwenye medula kupitia vegasi hiyohiyo, na medula hurudisha amri: kaza, kohoa, toa makamasi. Ni ulinzi, wala hauna ubaya. Shida ni kwamba mrija ukipungua kipenyo kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa ndani yake hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara 16. Kwa hiyo mkazo mdogo tu wa misuli ambayo mtu hajawahi hata kujua kwamba anayo unatosha kumfanya aketi kitandani usiku wa manane akitafuta hewa. Wenye pumu wanaujua usiku huo. Mkazo wa vegasi huongezeka usiku, nayo ni moja ya sababu za pumu kuzidi kabla ya mapambazuko.

Neva yenyewe haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mwembamba sana, na amri huvuka kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Aliyethibitisha kwamba neva huzungumza kwa kemikali alikuwa Otto Loewi, mtaalamu wa famakolojia aliyekuwa akifanya kazi Graz, Austria. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lilimjia ndotoni, akaamka akaliandika, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Ndoto iliporudi usiku uliofuata hakungoja, akaenda maabara saa ileile. Aliichochea vegasi ya moyo wa chura mpaka moyo ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayatia kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mapigo bila kuguswa na neva yoyote. Matokeo aliyachapisha 1921. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Asetilikolini ikishafikisha amri lazima iondolewe upesi, la sivyo amri ingeendelea kusomwa. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kilichotanda katika mwanya huo, na chembe yake moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Hapo ndipo dawa ya ndengu inapopiga.

Kemikali za jamii ya oganofosfeti zilianza kushughulikiwa kama viuadudu nchini Ujerumani miaka ya 1930, katika maabara ya mwanakemia Gerhard Schrader. Katika kuzitafuta aligundua pia gesi za vita, tabuni na sarini, na huo si undugu wa mbali. Dimethoeti, klopirifosi, malathioni na diazinoni ni za ukoo huo, ingawa hazilingani kwa ukali. Zote hufanya jambo moja: hukikalia kile kimeng'enya kikashindwa kufanya kazi. Mdudu hufa hivyo. Mtu naye ana kimeng'enya hichohicho, na kemikali hizi hupenya ngozi, hasa ngozi yenye jasho.

Rudi sasa kwa yule kijana wetu. Vegasi yake inaendelea kutoa amri ndogo za kawaida, lakini asetilikolini haiondolewi, inarundikana. Mirija inakazwa, halafu inakazwa zaidi, na tezi za ndani zinamwaga majimaji hadi yanatoka mdomoni kama povu. Moyo unapunguza mapigo. Mboni za macho zinasinyaa. Jasho, machozi, haja kubwa na ndogo, vyote vinatoka bila kuzuilika. Kwenye misuli ya mikono, shingo na kiwambo, kemikali ileile iliyozidi huifanya misuli itetemeke kwanza, kisha inachoka na kulegea. Sumu ikiingia kwenye ubongo, fungu lile la mdundo ndani ya medula nalo linanyamazishwa. Njia imefungwa, msuli umelegea, na mwenye kutoa amri amenyamaza. Mtu huyu anazama nchi kavu.

Tiba ya kwanza ni ya zamani na si ghali: atropini. Haikirudishi kimeng'enya kazini wala haipunguzi asetilikolini. Inachofanya ni kukaa kwenye vipokezi vya misuli laini na tezi, ili amri iliyozidi isisomeke. Atropini hutolewa kwenye mimea ya ukoo wa mnanaha, ule wenye maua meupe ya tarumbeta na tunda la miiba unaoota penyewe kandokando ya mazizi. Karne ya 19, na hata sehemu ya ile ya 20, wagonjwa wa pumu Ulaya walivuta sigara zilizotengenezwa kwa majani ya mmea huo, na zilifungua kifua kwa sababu hiihii. (Msomaji asiende kuchuma. Mnanaha umewarusha watu akili na kuwaua, kwa kuwa hakuna ajuaye jani moja lina kiasi gani.)

Kumpa mgonjwa atropini ni kazi ya kukesha. Muuguzi anapiga sindano, anangoja dakika 5, anaweka kipimo masikioni na kusikiliza mapafu pande zote mbili. Kama bado yanachemka majimaji au yanapiga mluzi, dozi inaongezwa maradufu. Dakika 5 nyingine, anasikiliza tena. Hatazami mboni za macho peke yake. Anatafuta kifua kikavu na moyo uliopanda juu ya mapigo 80. Piga hesabu: ukianza na miligramu 2, zinafuata 4, kisha 8, kisha 16. Kwa robo saa umetumia miligramu 30, na ampuli moja kwa kawaida ina miligramu moja au pungufu. Hospitali iliyoweka ampuli kumi kabatini ikajiona ina akiba, akiba hiyo inaisha kabla mgonjwa mmoja mahututi hajatulia. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa wasimamizi wa stoo za dawa za kaunti walifikirie.

Kuna mtego mwingine. Mgonjwa akishapata nafuu, anazungumza, anaomba uji, ndugu wanadai aruhusiwe maana bodaboda inangoja nje. Mwaka 1987 madaktari wawili wa Sri Lanka, Nimal Senanayake na Lakshman Karalliedde, walieleza hali inayotokea kati ya siku ya kwanza na ya nne baada ya sumu ya oganofosfeti: shingo inashindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, kisha misuli ya kupumua inalegea. Atropini haisaidii hapo, kwa kuwa vipokezi vya misuli hiyo ni vya aina nyingine. Kinachosaidia ni mashine ya kupumulia, au mikono ya watu, hadi misuli irudi. Kwa hiyo kipimo rahisi kabla ya kumtoa mgonjwa kitandani ni kumlaza chali na kumwambia ainue kichwa. Asipoweza, haendi popote.

Kuhusu maziwa, imani ya kwamba yanaua sumu imeenea kote nchini, na katika sumu hii ni hatari tupu. Mgonjwa ana povu, koo limelegea, anatapika. Maziwa yanateremka kwenye mapafu badala ya tumboni. Asinyweshwe maziwa, wala yai, wala asitapishwe kwa kidole. Atolewe shambani, avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pamoja, na anayemwosha avae glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi. Alazwe ubavu.

Hatari si ya shambani tu. Ghalani nako kuna jamaa wa ukoo huu. Dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi nchini wamembandika jina la Osama, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza Taveta mwaka 1983, akapanda kufuata magunia ya mahindi mpaka Ukambani kote. Kumkabili, watu huchanganya mahindi na unga mweupe ambao mara nyingi una pirimifosi-methili. Miongoni mwa oganofosfeti hiyo ni mojawapo ya zilizo nyepesi kwa binadamu, lakini si ya kuchanganywa kwa mikono mitupu ndani ya chumba wanacholala watoto, wala mahindi yaliyotiwa jana si ya kupikwa muthokoi leo. Kitui na Makueni hazihitaji kukumbushwa kwamba ghala linaweza kuua: mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwaua watu 125 katika wilaya za mashariki na kati mwa nchi, wengi wao katika wilaya hizi mbili. Sumu ile ilikula maini, haikugusa pumzi. Dawa yake lakini ilianzia palepale, yaani kukausha na kuhifadhi vizuri, na mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa sasa katika agroveti huua dumuzi bila chembe ya kemikali. Mdudu anakosa oksijeni, basi.

Sasa koboko.

Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni, na sehemu kubwa ya kusini na mashariki ni vichaka vya migunga, mawe na vichuguu. Huko nyoka na mtu hukutana kila siku: wakati wa kukata kuni, kuchunga mbuzi, kuchimba mchanga mtoni. Kifutu ndiye anayeuma wengi, na jeraha lake huvimba na kuoza. Koboko huuma wachache, lakini jeraha lake pengine halionekani hata kidogo. Matundu mawili tu, ngozi haijavimba, na watu wanapumua kwa faraja mapema mno.

Sumu yake ina kemikali za namna mbili zinazofanya kazi kwenye ule mwanya kati ya neva na msuli. Moja huifanya ncha ya neva imwage asetilikolini kupita kiasi. Nyingine huziba vipokezi vya msuli ili asetilikolini hata ikija isipokelewe. Jamaa yake wa kijani anayeishi misitu ya pwani ana cha kushangaza zaidi: ndani ya sumu yake mna protini inayokizuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa za Schrader. Nyoka alifika huko kabla ya mwanakemia kwa muda usiohesabika.

Misuli inayopokea amri moja kwa moja kutoka shina la ubongo ndiyo huanza kuonyesha. Kope zinalegea. Mgonjwa anaona watu wawili mahali pa mmoja. Sauti inageuka, maneno yanavutika, ulimi unakuwa mzito. Mate yanajaa si kwa sababu tezi zinayamwaga tu, bali kwa sababu hawezi kumeza. Akilala chali, ulimi uliolegea unarudi nyuma na kuziba koo. Anaweza kufa hapo na kiwambo chake bado kina nguvu. Mwishowe kiwambo nacho kinasimama. Medula yake muda wote huo inaendelea kutoa amri kama kawaida. Hazifiki.

Na mtu huyo anasikia. Hawezi kufumbua macho, hawezi kujibu, hawezi kuvuta hewa, lakini ubongo wake uko macho hadi oksijeni iishe. Ndugu wanaolia kando yake wakisema ameshakata roho, maneno yao yanamfikia. Wahudumu wa afya wanapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote, maana anayempumulia mgonjwa wa namna hiyo anampumulia mtu anayengojea.

Kuchanja jeraha kwa wembe, kubandika jiwe la nyoka, kufunga kamba mpaka mkono ugeuke mweusi: hakuna hata kimoja kinachogusa kilichotokea kwenye ule mwanya. Dawa halisi ya kupinga sumu ipo, imetengenezwa kwa damu ya farasi, na kwa koboko lazima iwe ile inayotaja jina lake kwenye kijikaratasi. Si kila chupa iliyoandikwa dawa ya nyoka inamhusu. Ni ghali, inahitaji uangalizi kwa kuwa wengine huchukuliwa vibaya nayo, na hospitali za vijijini huishiwa. Shirika la Afya Duniani liliirudisha hatari ya kuumwa na nyoka katika orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na miaka miwili baadaye likatoa mpango wa kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2030. Wenye kutafuta dawa bora waendelee. Lakini sumu ya koboko, kama ile ya pampu, huisha nguvu. Vipokezi huachiliwa, kimeng'enya kipya hutengenezwa, misuli hurudi. Swali ni kama mgonjwa atakuwa hai siku hiyo.

Jibu la swali hilo lilipatikana Copenhagen mwaka 1952. Mlipuko wa polio uliikumba Denmark, na wagonjwa wengi walikuwa na polio ya shina la ubongo: virusi viliharibu zilezile seli za medula zinazoamuru ulimi, koo na pumzi. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno, na kati ya wagonjwa wa mwanzo walioshindwa kupumua karibu 9 kwa kila 10 walifariki. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, aliingiza mrija kwenye koo la msichana wa miaka 12 aliyekuwa akizama katika makamasi yake, akaunganisha mfuko wa mpira, akaanza kuubinya kwa mkono. Msichana akanusurika. Zikaja zamu: wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 kwa muda wa miezi kadhaa walikaa vitandani wakibinya mifuko usiku na mchana, na vifo vikashuka hadi karibu robo. Chumba cha wagonjwa mahututi kama tunavyokijua leo kilianzia pale. Miaka minne baadaye, kulekule Denmark, Holger Hesse na Henning Ruben wakatoa mfuko unaojijaza wenyewe baada ya kubinywa, ule ambao wauguzi wetu huuita ambu. Hauhitaji umeme. Hauhitaji hata mtungi wa oksijeni ili ufanye kazi.

Ninaupenda mfano wa Copenhagen kwa sababu haukuhitaji dawa mpya. Ulihitaji mikono, na mtu wa kupanga zamu.

Makueni ilipoanzisha mpango wake wa matibabu mwaka 2016, familia ikalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, ilionyesha taifa zima kwamba jambo linawezekana. Barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui nayo imezileta kaunti hizi mbili karibu kuliko zamani, na aliyewahi kusafiri Ikutha wakati wa mvua kabla ya lami anajua ninachosema. Bado pumzi haingoji malipo wala lami. Dakika 6 bila hewa zinatosha kuuharibu ubongo, na kutoka kijiji cha Kanziku au Nguu hadi hospitali yenye mashine ya kupumulia si dakika 6. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza ni ya zahanati, na kwa maoni yangu huko ndiko pesa ziende kwanza: ambu moja ya mtu mzima na moja ya mtoto, pampu ya mguu ya kunyonya makamasi, atropini ya kutosha kwa mgonjwa mmoja hadi afike Wote, Makindu, Mwingi au Kitui mjini, na muuguzi aliyefanya mazoezi ya mkono mwaka huu, si miaka sita iliyopita. Bei ya vitu hivyo vyote haifiki hata karibu na bei ya ambulensi moja, na ambulensi isiyo na mtu wa kubinya mfuko ni gari tu.

Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ulikubali mwaka 2025 kuiweka klopirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, pamoja na misamaha fulani. Ni habari njema itakayochukua muda kufika kwenye rafu za agroveti. Mpaka hapo, soma kibandiko kabla ya kununua. Ukanda wa rangi ulio sehemu ya chini ya kibandiko unaonyesha ukali, nyekundu ikiwa mbaya kuliko zote, na mahali palipoandikwa maelezo kwa daktari, ukikuta neno atropini ujue unashika kemikali inayogusa pumzi. Usiimimine katika chupa ya soda. Piga dawa upepo ukiwa mgongoni, oga kabla ya kula, na mwajiri wa kibarua anunue mabuti na koti la plastiki kwa pesa yake.

Ikitokea ajali, usiitupe ile chupa. Ifunge kwenye mfuko na uipeleke hospitali pamoja na mgonjwa, umlaze ubavu njiani, na mmoja wenu awe anatazama kifua chake muda wote mpaka mfike.